Dole Gumba la Bibi Ofelina

Sehemu ya Kumi na Moja

"Usitie saini, Don Eleuterio. Nyumba hiyo si yako."

Hayo yalikuwa maneno ya wakili Querube Santimateo, na hapo ndipo pumzi zilipotukatikia Jumamosi iliyopita. Haya, turudi chumbani.

Kalamu ya Don Eleuterio Pinzón ilibaki hewani, nusu kidole juu ya karatasi. Mnunuzi, Baltasar Ferreyro, mwenye mahoteli kutoka Montevideo, aligeuka kumtazama Querube, wakili wake, kana kwamba amemwona akipanda juu ya meza. Doña Lastenia, mthibitishaji wa hati, alivua miwani. Nje, bendi ya shule ilikuwa ikifanya mazoezi ya gwaride la uhuru la Novemba, na kila pigo la ngoma lilitikisa vioo vya dirisha.

"Wakili wako ana homa," Don Eleuterio alimwambia Ferreyro. "Mpe maji."

"Maji utayataka wewe, muda si mrefu," alijibu Querube.

"Binti, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Wewe ndiye hunijui. Hebu nitazame vizuri. Mtaa wa Santa Ana, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Jumanne ya Kanivali, mwaka tisini na moja. Watu wako walitupa kitanda cha mgonjwa kutoka roshani. Palikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili amekalia cherehani barabarani, wasije wakaibeba. Mmoja akamsukuma kwa kiatu."

Don Eleuterio aliweka kalamu chini, taratibu.

"Mjukuu wa Ofelina," alisema.

"Mwenyewe."

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, jua hivi. Siku ya tisa baada ya Kanivali ile, Bibi Ofelina alikufa katika chumba cha kupanga kule Curundú, akiuliza saa ngapi watarudi nyumbani. Querube hakulia. Alipofika miaka kumi na mitano alikuwa akifagia ofisi ya wakili Crisanto Weeden pamoja na mama yake, Delfa, na jioni moja mzee yule alimkuta amesimama na ufagio kwapani, anasoma faili la rehani.

"Unaelewa unachosoma?" mzee alimuuliza.

"Naelewa kwamba huyu mtu ataipoteza nyumba yake na bado hajajua."

Tangu siku hiyo Crisanto alimlipia shule. Querube alisoma sheria chuo kikuu kwa masomo ya jioni. Mchana alipanga foleni Masjala ya Ardhi na mafaili ya watu wengine. Wenzake walikimbilia kesi za jinai, zenye kelele na picha magazetini. Yeye alichagua kampuni na majengo. Walipomuuliza kwa nini, alisema wezi wakubwa hawabebi bunduki, wanabeba hati. Aliandikisha kampuni za wageni, akauza minara ya vioo ufukweni, akajifunza kunusa saini ya uongo kama mpishi anavyonusa maziwa yaliyochacha. Miaka kumi na mitano ya kazi, na hakuna hati iliyowahi kumpita.

Yote hayo kwa ajili ya asubuhi hii.

"Doña Lastenia," alisema, "tafadhali soma kifungu cha sita cha hati aliyoileta muuzaji. Hati halisi, si nakala."

Mthibitishaji alivaa miwani tena. "'Na kwa kuwa muuzaji, Ofelina Santimateo, hajui kusoma wala kuandika, ameweka alama ya dole gumba la mkono wake wa kulia.'"

"La mkono wa kulia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Querube alitoa bahasha mkobani, akamwaga picha moja mezani. Ilikuwa ya mwanamke mnene aliyevaa aproni, anacheka, mkono wa kulia ameuinua kumpungia mpiga picha. Vidole vinne. Mahali pa dole gumba palikuwa patupu.

"Bibi yangu aliwafulia Wamarekani nguo kule Zoni, eneo lao la Mfereji, kwa miaka kumi na tisa. Mwaka hamsini na nane mashine ya kukamulia mashuka ilimkata dole gumba la kulia. Miaka thelathini na tatu baadaye dole hilo limefufuka na kuuza nyumba. Sasa niambie, Don Eleuterio, umelizika wapi?"

Ngoma za nje, sijui kwa bahati gani, zilikoma.

Kisha Don Eleuterio akacheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho.

"Mtoto mzuri wewe! Umesoma kweli. Lakini mwalimu wako amesahau kukufundisha kuhesabu. Miaka ishirini na tano imepita! Hata kama dole hilo nilichora mwenyewe kwa makaa, kosa limeshakufa, limeshaoza. Hakuna hakimu Panama nzima atakayelifukua. Doña Lastenia, nisahihishe kama nakosea."

"Hukosei," mthibitishaji alisema kwa sauti ndogo. "Kosa la kughushi limepitwa na muda."

"Umesikia? Mpe mteja wako kalamu."

"Nimesikia," alisema Querube. "Kughushi kumekufa. Lakini kutumia hati ya kughushi hakujafa. Umeitumia leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya mthibitishaji wa serikali na mnunuzi. Umeapa kwamba ni halali. Hilo ni kosa bichi, mzee. Halijatimiza hata saa moja."

Kicheko cha Don Eleuterio kilikatika kama uzi.

"Kwa nini unadhani nilikataa nakala? Kwa nini nilikulazimisha uilete hati halisi kwa mkono wako? Nilikaa miaka mingi nikikusubiri utake kuuza. Nilikuwa nikiomba uishi. Kila nilipopita mbele ya hospitali nilikuombea afya."

Aliyasema hayo akitabasamu, na Doña Lastenia, aliyethibitisha hati kwa miaka thelathini, baadaye aliwaambia watu kwamba tabasamu lile lilimtia baridi.

Ferreyro alisukuma kiti nyuma. "Subiri. Ulijua tangu lini, wakili?"

"Tangu siku ulipoingia ofisini kwangu na kunitajia mtaa."

"Na ukaniacha nipande ndege mara tatu? Nikaleta mchora ramani? Nikamwahidi mke wangu?"

"Nimekuokoa usinunue nyumba ya wizi."

"Hukuniokoa. Umenifanya chambo." Alikusanya karatasi zake. "Una akili nyingi, bibie. Sitaki kukuona tena maisha yangu yote."

Aliubamiza mlango. Mlango ukafunguliwa tena papo hapo: wapelelezi wawili wa ofisi ya mwendesha mashtaka waliingia, mmoja bado anafuta mafuta ya hojaldre, mkate wa kukaanga, vidoleni. Walikuwa wamekaa sebuleni tangu saa mbili. Querube ndiye aliyewaita.

"Don Eleuterio Pinzón? Twende pamoja."

Mzee alisimama. Alifunga kifungo cha koti. Alikuwa amepauka, lakini macho yake yalikuwa yamepata kitu, na Querube alikiona kitu hicho kabla hajajua ni nini.

"Unajua, binti," alisema, "mimi nilinunua tu. Mimi si mwanasheria. Hati ililetwa kwangu imekamilika, na dole limeshakauka. Ajabu ni kwamba wewe mjuzi hujaniuliza nani aliileta."

"Hilo utamwambia mwendesha mashtaka."

"Soma ukurasa wa mwisho."

Querube hakuwahi kuuona ukurasa wa mwisho. Nakala ya Masjala ilikuwa imeliwa na unyevu, na pale chini palibaki doa la kahawia tu. Aliivuta hati halisi, akaigeuza.

Asiyejua kuandika husainiwa na mtu mwingine kwa ombi lake. Sheria inataka hivyo. Na pale chini, kwa wino wa bluu, mtu huyo alikuwa amesaini kwa herufi ndefu zilizolala upande, herufi ambazo Querube alizijua kuliko zake mwenyewe. Zilikuwa kwenye kila risiti ya ada yake ya shule.

Crisanto Weeden.

"Na ukifika kwake," Don Eleuterio alimnong'oneza alipokuwa akipita, "muulize dole ni la nani."

* * *

Mvua ilikuwa imeanza. Querube alitembea mitaa minne bila mwavuli, nakala ya ukurasa wa mwisho ameificha ndani ya koti, hati yenyewe imebaki kwa wapelelezi, akapanda ngazi mpaka kwenye kibao cha shaba: Weeden na Santimateo, Mawakili wa Kampuni na Majengo.

Mzee Crisanto alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza ya mikutano. Bakuli la sancocho, supu ya kuku, lilikuwa likitoa moshi. Jagi la chicheme, kinywaji cha mahindi. Glasi mbili.

"Umelowa, mwanangu! Imekwendaje?"

"Amekamatwa."

"Mungu mkubwa! Kaa, kaa, leo hatufanyi kazi."

"Nimesoma ukurasa wa mwisho, mzee."

Mkono wa Crisanto ulikuwa umeshika jagi. Alimimina glasi ya kwanza mpaka ikajaa, akaweka jagi chini, akakaa.

"Nilidhani Pinzón ameuchana," alisema.

"Hilo ndilo unaloniambia?"

"Unataka nikuambie nini? Nilikuwa na miaka hamsini na moja, wakili asiye na mteja, viatu vimetoboka. Pinzón alikuja na kazi moja. Nikaifanya."

"Ulikwenda msibani kwake! Ulibeba jeneza la bibi yangu!"

"Nilibeba."

"Na mimi? Ulinipeleka shule kwa sababu gani? Huruma?"

"Huruma ilikuwepo." Mzee alitazama glasi. "Na hofu. Siku nilipokukuta na lile faili nilijua utafika mbali. Nikaona bora ufike mbali ukiwa karibu yangu, nikuone unaelekea wapi."

Querube aliinama juu ya meza mpaka uso wake ukawa shubiri moja kutoka kwa uso wa mzee.

"Nitakuvua joho la uwakili. Unanisikia? Nitakiondoa kibao kile cha shaba kwa bisibisi, mimi mwenyewe, na wewe utasimama ukitazama. Dole ni la nani?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Mwanangu, mvue joho mzee huyu, mfunge, mtukane barabarani. Lakini hilo liache."

"Dole ni la nani, Crisanto?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwita kwa jina tupu.

"La Delfa," alisema mzee. "La mama yako."

Glasi iliyojaa iliruka ukutani. Querube hakukumbuka kuirusha.

"Mwongo! Mama alilia siku tatu mfululizo!"

"Alilia kwa sababu alijua. Palikuwa na mwanamume, Egberto, fundi wa meli, aliyemwahidi kumpeleka Brooklyn. Atangulie mama yako, kisha akuite wewe. Ofelina hakutaka kusikia habari ya kuuza. Basi Delfa alikuja kwangu na kitambulisho cha mama yake, akabonyeza dole, akapokea bahasha ya pesa. Wiki iliyofuata Egberto alipanda ndege peke yake, na bahasha hiyo mfukoni. Delfa hakujua kama Pinzón atawatoa kwa nguvu. Alidhani ataachiwa muda. Alidhani mambo mengi."

Querube alikaa.

"Sikiliza sasa kama wakili," Crisanto alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kumfundisha. "Kubonyeza dole kumepitwa na muda, kama unavyojua. Kwa hilo hakuna wa kumgusa mama yako. Lakini mwezi uliopita ulimwandikia kiapo cha kesi hii. Ameapa nini?"

Querube alilijua jibu neno kwa neno. Alikuwa amelipiga chapa mwenyewe: Mimi, Delfa Santimateo, naapa kwamba sijawahi kuiona hati hiyo, wala sijui alama ile ni ya nani.

Kiapo cha uongo. Kosa la mwezi mmoja. Bichi.

Alikumbuka na jambo jingine, ambalo alikuwa amelisukuma pembeni. Siku ile mama yake aliishika kalamu, akaishusha, akaishika tena. "Lazima niape, mwanangu?" aliuliza. Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Na Querube, aliyekula mkate wake kwa kusoma mikono ya watu wanaosaini, aliuona mkono ule. Aliuona vizuri sana. Akasema, "Weka tu saini, mama. Nina haraka."

Hakuuliza kwa sababu hakutaka jibu. Alitaka mshenzi awe mmoja, na awe Don Eleuterio.

Simu ikalia.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko kwa mwendesha mashtaka, mwanangu." Sauti ya Delfa ilikuwa tulivu ajabu. "Waliniita nithibitishe kile kiapo. Nimevaa lile gauni ulilonipa Krismasi."

"Usiseme neno! Usiguse kitu chochote!"

"Wana kidude cha kioo hapa. Wakaniambia niweke dole."

"Usiweke, mama!"

"Nimeshaweka. Kimewaka taa, wakasema limelingana na lile la kwenye hati."

* * *

Alimshika Crisanto kwapani, akamshusha ngazi kama anavyoshushwa mwizi wa kuku.

"Utasema yote," alimwambia ndani ya teksi. "Utasema ulimwita wewe, ulimshawishi wewe, yeye alikuwa mfagiaji asiyejua sheria na wewe ndiye uliyekuwa wakili. Ukishasema hivyo ndipo nitakapofikiria kibao chako."

Mzee aligeukia dirisha. Alikuwa akitazama mvua.

Katika korido ya ofisi ya mwendesha mashtaka palikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Kwenye moja alikaa Don Eleuterio, mguu juu ya mguu. Kwenye jingine alikaa Delfa, mwanamke wa miaka sitini na mbili, mkoba mapajani, gauni la bluu limepigwa pasi.

Querube alisimama mbele ya mama yake. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalipotea, likabaki moja la sumu.

"Miaka ishirini na tano tumekula meza moja. Ulinitazamaje?"

Delfa aliinua uso. "Nilikuwa nikisubiri uniulize. Kila siku, mwanangu. Ulimuuliza kila mtu katika nchi hii isipokuwa mimi."

Don Eleuterio alikohoa, akijifanya hasikii.

Mlango ukafunguliwa. Mwendesha mashtaka, Yelitza Caicedo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. "Wakili Santimateo. Vizuri umekuja. Nawe, mzee Weeden, ulikuwa unatafutwa."

"Huyu ni shahidi wangu," Querube alisema haraka. "Amesaini ukurasa wa mwisho. Yuko tayari kutoa maelezo dhidi ya Pinzón sasa hivi."

"Ngoja kidogo. Don Eleuterio ametumia haki yake ya kuchagua wakili." Caicedo alisoma karatasi. "Amemtaja Crisanto Weeden."

Querube alicheka kwa dharau. "Amtaje hata Papa. Mzee hatakubali."

Crisanto aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Querube, kidole kimoja kimoja. Akavuka korido. Akakaa kwenye benchi la Don Eleuterio.

"Nakubali," alisema.

Mtu mwingine angeona wazimu. Querube aliuona mtego mzima papo hapo, kwa sababu mzee ndiye aliyemfundisha: wakili halazimishwi kutoa siri ya mteja wake. Neno moja lile lilikuwa limemfunga mdomo Crisanto Weeden kwa kufuli la sheria. Kuling'oa kufuli hilo kungechukua miezi mahakamani, na mpaka hapo hapakuwa na mtu wa kusema nani alimshawishi Delfa, nani aliandika, nani alilipa. Lilibaki dole tupu, na mwenye dole.

"Samahani, mwanangu," mzee alisema. Hakumtazama.

"Usiniite hivyo tena," Querube alisema. "Nilikuja hapa na adui mmoja. Sasa ninao wawili, na wewe utatangulia." Akamgeukia mwendesha mashtaka. "Andika. Mimi, Querube Santimateo, ndiye wakili wa Delfa Santimateo kuanzia dakika hii. Mteja wangu hatajibu swali lolote."

Caicedo hakuandika. Alilifungua faili, akaligeuza ili Querube aweze kusoma.

Majina yalikuwa matatu. La kwanza, Eleuterio Pinzón, kwa kutumia hati ya kughushi. La pili, Delfa Santimateo, kwa kiapo cha uongo. La tatu lilikuwa limeongezwa kwa mkono, wino bado unang'aa: Querube Santimateo, mwandishi wa kiapo hicho.

"Huwezi kumtetea mtu unayeshukiwa pamoja naye, wakili," alisema Caicedo, akaushikilia mlango wazi. "Mama yako abaki pale pale kwenye benchi. Nitaanza na wewe."